Kijerumani Kilichopitia Kiingereza: Uhakiki wa Kitini Kinachozunguka Masasi na Newala

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni nesi Masasi. Msimu wa korosho uliopita, hela ya mnada ilipoingia, baba yake alimtolea ada ya mtihani wa Kijerumani pamoja na nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Akafanya, hakufaulu. Sehemu iliyomwangusha ni ya kusikiliza. Kati ya maswali aliyokosa, moja analikumbuka vizuri sana: mtu kwenye rekodi alisema kazi inaanza “halb acht”, yeye akachagua 8:30. Aliporudi akanipigia simu. “Dada, mbona kitini kimesema hivyo hivyo?”

Nikamwambia anitumie hicho kitini. Nimekisoma chote mara mbili, kalamu mkononi, na huu ndio uhakiki wake.

Huenda na wewe unacho. Ni pdf ya kurasa arobaini na kitu, haina jina la mwandishi, inarushwa kutoka simu hadi simu kwenye makundi ya manesi na ya wahitimu wanaosubiri ajira. Kuna steshenari Masasi mjini na nyingine Newala zinazokitoa kopi na kukibana pini, unaondoka nacho kama kitabu. Kina sehemu tatu: sarufi, msamiati, na misemo ya kila siku. Kimeandikwa kwa Kiswahili, na hilo ndilo linalokiuza.

Nianze na haki yake. Kipo. Vitabu vinavyotumika kwenye madarasa ya Kijerumani siku hizi vimeandikwa kwa Kijerumani kitupu, vya kumfaa mtu wa Hanoi, wa Bogotá na wa Newala kwa pamoja, na maelezo ya sarufi unategemea mwalimu akupe. Ukiwa Newala huna mwalimu. Una bando la wiki, na ukitafuta maelezo mtandaoni utayapata kwa Kiingereza. Aliyekaa chini akaandika kurasa arobaini kwa Kiswahili alimhurumia mtu wa namna hiyo, na orodha yake ya maneno ya hospitali (sindano, bendeji, kitanda, shinikizo la damu) nimeipitia, iko sawa isipokuwa mahali pachache. Amemweka nesi kama “Krankenschwester”, neno ambalo bado utalisikia midomoni mwa watu, ila jina la kazi kisheria tangu mwaka 2020 ni “Pflegefachfrau”, na kwa mwanamume “Pflegefachmann”. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hili: kitini kina ngozi ya Kiswahili na mifupa ya Kiingereza. Mwandishi alichukua masomo ya Kijerumani yaliyotungwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani akayafasiri. Akafasiri hadi matatizo yao. Mahali ambapo Mwingereza hujikwaa, kitini kinatuonya, hata kama sisi hapo tunapita bila shida. Mahali ambapo sisi ndio tunaojikwaa, kimya. Na mahali ambapo Kiswahili chetu kingetubeba mgongoni, tunaambiwa tutembee kwa miguu.

Chukua matamshi. Kitini kinaandika kwamba “Finger”, yaani kidole, hutamkwa kama cha Kiingereza. Sivyo. Kwa Kiingereza kuna g inayosikika katikati. Kwa Kijerumani haipo. Ni ng' ya ng'ombe: “fing'a”. Vivyo hivyo “singen”, kuimba, ni “zing'en”. Sauti ambayo Wazungu wengi wakija kujifunza Kiswahili hutoka nayo jasho, mtoto wa Newala anaitamka kabla hajaota meno, halafu kitini kinamfundisha kuikosea! Hivyo hivyo ch ya “ach” na “Nacht”: mtu yeyote anayetamka “kheri” kwa kh yake kamili anayo tayari. Irabu nazo, ukiacha zile zenye nukta mbili juu, ziko karibu na za kwetu kuliko zilivyo karibu na za Mwingereza. Kinachotaka mazoezi kwetu ni ö na ü, kwa sababu “schon” ni tayari na “schön” ni nzuri, na hapo kitini kimetumia mistari miwili tu.

Sasa twende kwenye sarufi, maana huko ndiko watu wanakokata tamaa.

Kitini kinasema: “Kijerumani kina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na isiyo na jinsia. Meza ni mwanamume, taa ni mwanamke, kitabu hakina jinsia. Hakuna sababu, kariri.” Der Tisch, die Lampe, das Buch. Ukimwambia hivyo Mwingereza, anashangaa, kwa sababu lugha yake iliacha mambo haya karne nyingi zilizopita. Anahitaji hadithi ya meza mwanamume ili apate pa kuanzia. Lakini wewe msomaji wangu una ngeli! Hujawahi kujiuliza kitabu kina jinsia gani. Unajua tu kwamba kitabu kile kizuri kimeanguka, na mti ule mzuri umeanguka, na kila neno linalofuata linavaa sare ya nomino. Na huku kwetu wengi tumelelewa na ngeli mara mbili. Kabla ya mtu na watu, kitu na vitu, bibi alishakufundisha “munu” na “vanu”, “chinu” na “vinu”. Mtu wa namna hiyo ukimwambia “Kijerumani kina ngeli tatu tu, na wingi wake wote ni die”, atacheka. Tatu tu? Kitenzi chenyewe hakibadiliki kufuata ngeli? Basi nipe.

Tena si kweli kwamba hakuna sababu. Sababu zipo nyingi, na nusu yake zinaonekana vizuri zaidi ukisimama upande wa Kiswahili. Swali ambalo kila mwanafunzi wa Kijerumani huuliza ni kwa nini “Mädchen”, msichana, ni das, kana kwamba msichana ni kitu. Kitini kinajibu: “Wajerumani ndivyo walivyoamua.” Hapana, Mjerumani hakumdharau msichana. Neno lina mkia wa -chen, mkia wa udogo, na kila neno linalovaa mkia huo huhamia das, awe mtu au kijiko. Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa mbele. Mtoto yule amelia. Mwite kitoto, na hapo hapo ni kitoto kile kimelia. Mtu akiwa kijitu anahama ngeli na sare zake zote zinabadilika. Kanuni ni ile ile, nao wanaifunga mkiani.

Au angalia ngeli yetu ya U, ile ya mambo yasiyoshikika. Uhuru, “die Freiheit”. Umoja, “die Einheit”. Ugonjwa, “die Krankheit”. Usafi, “die Sauberkeit”. Urafiki, “die Freundschaft”. Utoto, “die Kindheit”. Uwezekano, “die Möglichkeit”. Maneno yenye mikia -heit, -keit, -schaft na -ung yote ni die, na mengi yake Kiswahili kimeyaweka kwenye U. Si yote, usije ukanishtaki: uzee ni “das Alter”. Halafu chukua ngeli yetu ya KU, vitenzi vilivyogeuka nomino: kula kwake, kusoma kwangu. Kijerumani nacho hukigeuza kitenzi kizima kizima kuwa nomino, na kila kikigeuka ni das. “Das Essen”, “das Lesen”. Kanuni hiyo haina hata nesi mmoja wa Masasi ambaye ingemchukua zaidi ya dakika tano, maana anaijua. Kitini hakina hata neno “ngeli”. Nimelitafuta.

Nikifika kwenye der, den na dem ndipo niliposikitika kweli. Kitini kina jedwali la hali nne za nomino, limenakiliwa na vichwa vya Kiingereza juu yake, na chini yake pameandikwa “kariri jedwali hili”. Mdogo wangu alilibandika ukutani. Kila asubuhi alikuwa analisoma kama kiapo, na bado hakujua dem inakuja lini.

Ngoja nikupe sentensi moja. “Ninampikia mgonjwa chai.” Sasa toa ile i ya kutendea: “Ninampika mgonjwa.” Hapo umeshatenda jinai. Herufi moja ndani ya kitenzi ndiyo inayotofautisha anayepikiwa na anayepikwa. Kijerumani kinaweka tofauti hiyo hiyo kwenye sare ya mgonjwa badala ya kwenye kitenzi: “Ich koche dem Patienten einen Tee”, ninampikia mgonjwa chai. Badili dem iwe den, ondoa chai, “ich koche den Patienten”, na polisi waje. Dem, yaani dativi, mara nyingi ni yule wa kutendewa: aliyeletewa, aliyepikiwa, aliyeandikiwa. Mwingereza anaitambua kwa mpangilio wa maneno tu, kwa hiyo anahitaji jedwali. Wewe umeibeba kwenye kitenzi tangu utotoni.

Haitafanya kazi kila mara, na kitini kizuri kingesema wapi inakwama. Kumshukuru mtu, “danken”, na kumjibu mtu, “antworten”, vinadai dativi ingawa kwetu havina kutendea. Hivyo unavikariri. Lakini kukariri dazeni moja ya vitenzi vinavyokaidi si sawa na kukariri jedwali zima bila kujua linaongelea nini.

Na kuna zawadi moja ambayo mwandishi wa kitini ameipita kama mtu anayepita kando ya mkorosho uliojaa. Kwenye sehemu ya hospitali ameandika: “Ich habe Kopfschmerzen, nina maumivu ya kichwa.” Ni sahihi, Wajerumani wanasema hivyo. Lakini wanasema pia “der Kopf tut mir weh”. Sasa isome polepole. “Der Kopf”, kichwa. “Tut weh”, kinauma. “Mir”, ile -ni- ya katikati. Kichwa kinaniuma! Kipande kwa kipande, kichwa ndicho mtenda na mimi ndiye ninayeumwa. “Das Bein tut mir weh”, mguu unaniuma. Hata “das gefällt mir” ni kinanipendeza, wakati Kiingereza kinamfanya mtu ndiye mpendaji. Nesi anayesikia sentensi hizi siku nzima wodini amefundishwa kwa njia ya mzunguko, kwa sababu njia ya mkato haipo kwenye Kiingereza na kitini hakikuiona.

Heshima nayo. “Sie”, kimeandika, ni “wewe rasmi”. Wewe rasmi ndiyo nani? Kiswahili chetu cha bara heshima yake iko kwenye shikamoo na kwenye majina: mama, mzee, bibi. Lakini Masasi kuna Wayao wengi, na Myao akimsemesha mkubwa wake humsemesha kwa wingi, kana kwamba wako wengi. Bibi yangu mzaa mama ni Myao, na ukimsemesha kwa umoja unaulizwa umelelewa na nani. Sie ni hiyo hiyo, wingi wa heshima, tofauti ni kwamba Wajerumani wameazima wingi wa “wao” badala ya wa “ninyi”. Mtoto wa Masasi aliyelelewa na bibi wa Kiyao ameshajua lini useme kwa wingi na lini ni utoto kufanya hivyo. Ni kumwambia tu.

Sehemu ya tatu, misemo ya kila siku, ndiyo inayopendwa zaidi. Watu wanaiweka kwenye status. Kuna “ich verstehe nur Bahnhof”, naelewa stesheni tu, maana yake sielewi kitu. Kuna “Tomaten auf den Augen haben”, kuwa na nyanya machoni, kwa asiyeona kilicho mbele yake. Kuna “Hals- und Beinbruch”, uvunjike shingo na mguu, ambayo ni kumtakia mtu heri. (Usimtakie mgonjwa wa mifupa.) Inachekesha, na sina ugomvi na kucheka. Ugomvi wangu ni kwamba nahau hizi zimepangwa kama shanga, bila kusema nani anamwambia nani, wapi. Na iliyo muhimu kuliko zote kwa nesi imewekwa bila maelezo: “ich habe die Nase voll”, nina pua iliyojaa. Kitini kimeiweka chini ya magonjwa, karibu na mafua! Maana yake ni nimechoka, imenifika hapa. Mzee wa miaka themanini kwenye nyumba ya kulelea wazee akikwambia hivyo, haombi kitambaa cha kupengea.

Wakati huo huo, misemo ambayo Mjerumani hatoi sentensi tatu bila kuitumia haimo kabisa. Nazungumzia vile vineno vidogo: “mal”, “doch”, “ja”. Vitabu vya Kiingereza hulalamika kwamba havifasiriki, basi kitini kikaviacha. Havifasiriki kwa Kiingereza! “Komm mal”: hebu njoo. “Warte mal”: hebu subiri. “Das ist ja teuer”: kumbe ni ghali! “Du weißt doch, dass er krank ist”: si unajua kwamba anaumwa. Hebu, kumbe, si. Ukivitoa vineno hivi kwenye Kiswahili unabaki na lugha ya tangazo la serikali, kila mtu anakuelewa na hakuna anayejisikia ameongeleshwa. Kijerumani bila mal na doch kiko hivyo hivyo. Mwanafunzi wa London inamchukua miaka kuvihisi. Wewe unavihisi leo, ukiambiwa tu kwamba ndivyo hivyo.

Lakini doch ina upande wa pili, na upande huu si wa kuchekea. Nikikuuliza “Hujala?” na kweli hujala, utajibu “Ndiyo”, yaani ndiyo, sijala. Unakubaliana na kauli yangu. Mjerumani hafanyi hivyo. Swali likiwa la kukanusha, “nein” ni sijala, na kama umekula unasema “doch”. “Ja” haina nafasi hapo, inamwacha aliyeuliza hewani. Sasa weka wodini. Daktari anamuuliza nesi kuhusu mgonjwa: “Hat er keine Allergie?” Hana mzio? Nesi wetu, akiwa na maana ya “ndiyo, hana”, anajibu “ja”. Daktari atasikia nini? Huenda akasikia kwamba anao, huenda akasikia kwamba hana, na wote wawili hawajui kama hawajaelewana. Kiingereza kina utata wake hapa ila hakina mtego huu wa kwetu, kwa hiyo masomo ya Waingereza hayautaji, kwa hiyo kitini hakiutaji. Ningepewa ukurasa mmoja tu wa kuongeza ndani ya kitini hiki, ningeandika huu.

Nisije nikaonekana namfukuza Kiingereza. Kiingereza na Kijerumani ni ndugu wa damu, na mwenye Kiingereza chake cha shule anaokota bure “Haus”, “Hand”, “Wasser”, “Buch”. Nesi aliyesoma vitabu vya fani yake kwa Kiingereza asikitupe. Ila ndugu hao wana maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia, na hapa kitini kimeanguka mara nyingi nimeacha kuhesabu. “Ich will” kimeifasiri “nita-”, kwa kuwa inafanana na “will” ya Kiingereza. Ni “nataka”. Bibi akisema “ich will nach Hause”, hatoi ratiba yake, anataka kwenda nyumbani. “Bekommen” ni kupata, si kuwa. “Also” ni basi, ile “basi” ya kuanzia maneno. Na “Gift”, ambayo kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Imeandikwa kwenye chupa. Kitini hakimo hata kwenye orodha ya maneno ya hospitali.

Vilevile kuna mahali Kiswahili hakitusaidii kabisa, na ni vizuri kusema. “Ins Krankenhaus” ni kuelekea hospitalini, “im Krankenhaus” ni kuwapo hospitalini, na -ni yetu haitofautishi. Vitenzi vinavyokatika vipande viwili, kama “aufstehen”, kuamka, ambapo kichwa cha kitenzi kinakwenda kukaa mwisho wa sentensi, “ich stehe um fünf Uhr auf”, hatuna mfano wake. Maneno marefu nayo hujengwa kinyume na yetu: sisi tunaanza na nyumba ndipo tunasema ya wagonjwa, wao “Kranken” ndipo “Haus”. Basi soma kutoka mkiani, na ngeli ichukue mkiani: “das Haus”, kwa hiyo “das Krankenhaus”. Namba vilevile. 37 ni “siebenunddreißig”, saba na thelathini. Nesi anayeandika joto la mgonjwa jinsi anavyolisikia ataandika saba kwanza, na mgonjwa wake atakuwa na nyuzi 73.

Kwa nini nakazana hivi juu ya kitini cha bure? Kwa sababu ya historia kidogo, na hapa Masasi ina sehemu yake. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoa mjini London kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kwa Kiingereza. Ni Steere huyo huyo aliyewaleta watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876 na kuanzisha misheni pale. Wajerumani walipotaka Kiswahili, kitabu hicho kilikuwapo, na wasomi wao Kiingereza walikijua. Wangeweza kukipitia. Badala yake mwaka 1887 Berlin ilifungua chuo cha lugha za mashariki, Kiswahili kikafundishwa humo kwa Kijerumani, na mwaka 1890 August Seidel akatoa sarufi ya Kiswahili kwa Kijerumani. Wakaajiri na wenye lugha: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Berlin kuanzia mwaka 1900. Walielewa kwamba ofisa anajifunza haraka zaidi akitokea kwenye lugha yake.

Nia yao ilikuwa kututawala, sisahau. Karl Weule wa Leipzig alipopita Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Majimaji vilikuwa vimetoka kuziacha sehemu hizi majivu, naye alikuja na gramafoni ya kurekodia, kamera, na mkalimani Mnorwe aliyeitwa Knudsen. Kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo, cha mwaka 1908, kina kwenye jalada neno ambalo leo ni tusi. Ndicho kitabu kilichonifanya mimi nianze Kijerumani, kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilianza kwa kusoma tafsiri ya Alice Werner ya 1909, nikajikuta nasoma habari za wazee wa Newala walizozitoa kwa lugha zao, zikaandikwa kwa Kijerumani, zikanifikia kwa Kiingereza. Hapo nikaamua angalau kituo kimoja cha safari hiyo nikiondoe.

Na Kijerumani chenyewe kwetu si mgeni kiasi hicho. Hela ile ya mnada ni “Heller”, sarafu yao ya kikoloni. Shule ni “Schule”.

Basi lawama zangu hazimwendei aliyeandika kitini. Yeye alikuwa na simu, bando na moyo. Zinatuendea sisi wa isimu, tulio na shahada za pili za kuchambua ngeli na kauli ya kutendea. Mimi mwenyewe tasnifu yangu ya dativi na kutendea nimeiandika kwa Kiingereza, kurasa mia na ishirini, wakaisoma watu watatu. Kitini kisicho na jina kimesomwa na Masasi nzima. Kwa nesi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani, kiwango kinachodaiwa kwa kawaida ni B2, ngazi ya nne kati ya sita. Hapo hufiki kwa jedwali lililobandikwa ukutani.

Mdogo wangu atarudia mtihani korosho zikiuzwa tena. Jumapili tunapigiana simu, tunapitia ukurasa mmoja mmoja na kuusahihisha. Wiki iliyopita tulimaliza ukurasa wa saa, ule uliomponza. Kama na wewe unacho, ufungue. Kimeandikwa: “halb acht, half eight, saa nane na nusu.” Mwingereza akisema hivyo anamaanisha saa 8:30, na mwandishi akaifasiri kama ilivyo, akasahau hata kuigeuza kwa saa zetu, maana kwetu saa nane na nusu ni mchana na watu wameshakula. Mjerumani anahesabu nusu ya kuiendea nane, nusu ambayo bado haijafika, kama sisi tunavyosema kasorobo kwa robo ambayo bado. Ni 7:30. Futa, andika saa moja na nusu asubuhi, ndipo umrushie mwingine.